Fundi wa mapangaboi nimeingia nyumba za ibada karibu zote za wageni katikati ya Dar. Neno "Wahindi" linatudanganya

#1 FundiPangaboi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi umeme, ila ugali wangu unatoka kwenye pangaboi. Kufunga, kubadilisha kapasita, kung'oa beringi zilizokufa, kusawazisha panga linaloyumba. Nilianza mwaka 2007 kwa kumbebea ngazi fundi wangu, kijiwe chetu kikiwa nyuma ya Mtaa wa Jamhuri. Yeye alikuwa na wateja aliorithi kwa fundi aliyemfundisha: nyumba za ibada. Nyumba ya ibada ina dari ndefu na mapangaboi mengi, na hakuna muumini wa dini yoyote anayelistahimili joto la Dar la mwezi wa pili. Kwa kufuata mapangaboi nimeingia msikiti wa Mabohora, wa Ithnasheri (wote hao Mashia), wa Ibadhi, jamatkhana ya Waismailia, mandir tatu (mahekalu ya Wahindu), gurudwara ya Kalasinga, yaani Masikh, hekalu la Mabudha la Upanga na kanisa la Wagiriki. Karibu zote unazimaliza kwa mguu, ngazi begani, kabla jua halijawa kali.

Kilichonifanya niandike ni aibu moja ya mwaka wangu wa kwanza. Fundi alinituma: "Nenda kwa Wahindi pale ukachukue hela iliyobaki." Sikuuliza Wahindi gani. Nikaenda mandir moja maeneo ya Kisutu nikadai hela ya kazi tuliyowafanyia Mabohora. Mzee wa pale alinisikiliza mpaka mwisho, akaita mwenzake, wakacheka wote. Kisha akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Kijana, hao wanasali kuelekea Makka. Sisi hatufanani nao hata chakula. Umekuja kudai deni la Kariakoo Magomeni."

Nikamsimulia bibi yangu, mzaliwa wa Gerezani, Mungu amrehemu. Hakucheka, alinishangaa. Wao hawakuwa wanasema "Mhindi" hivi hivi. Walisema Banyani, Bohora, Khoja, Mgoa, Kalasinga. Hata Mwarabu alikuwa Mshihiri au Mmanga, na Mbulushi ni Mbulushi. Kila jina lilikuja na duka lake, siku yake ya kufunga duka na mahali pake pa kuzikwa. Sisi tuliosoma shule ndio tumebaki na neno moja.

Sasa nieleze niliyoyaona nikiwa juu ya ngazi.

Mabohora. Siku ya kwanza nilimaliza kazi saa ya chakula, wakaniambia siondoki. Nikavalishwa kofia maana hakuna kula kichwa wazi. Mnakaa chini, watu kama wanane, mkizunguka sinia kubwa lililowekwa juu ya kigoda. Kijana akapita na birika na beseni, kila mtu akanawa pale pale alipokaa. Kisha kikaja kibakuli cha chumvi. Mimi nikadhani ni ya kuongeza kwenye mchuzi. Kumbe kila mmoja anachovya kidole, analamba, ndiyo bismillah ya chakula chenyewe. Baadaye kikaja kitu kitamu KABLA ya nyama, halafu nyama, halafu kitamu tena. Na sinia halirudi na punje. Mzee aliyekaa kulia kwangu aliniona nimeacha wali kidogo upande wangu, akausogeza kwake kimya kimya akaumaliza. Sijawahi kubakiza chakula tangu siku ile.

Hao hao wana kalenda yao ya hesabu, hawangoji mwezi uonekane. Ndiyo maana unakuta Bohora kaanza kufunga siku moja au mbili kabla ya wewe, na Idi yake inatangulia. Ukiwa fundi lazima ujue, la sivyo unapeleka ngazi siku ya sikukuu.

Mandir. Hapa nilifokewa. Ilikuwa kama saa saba mchana, pazia la mbele limefungwa, hakuna mtu, nikaona ndiyo nafasi ya kutoboa dari. Nikawasha drili. Mlinzi alikuja mbio amenyoosha mikono kama anayezuia gari. "Zima! Wamelala!" Nani kalala? Mungu wao. Kwenye mandir za Swaminarayan zile sanamu zinaamshwa asubuhi, zinavalishwa, zinapewa chakula, na mchana pazia linafungwa zipumzike mpaka jioni. Nikashuka. Nikakaa kibarazani hadi karibu saa kumi. Ukitaka kucheka cheka, lakini mimi nina watoto wawili na najua maana ya kuambiwa usipige kelele watu wamelala. Sikuona tofauti kubwa.

Gurudwara. Unafunga kitambaa kichwani, viatu nje, unakaa chini kama wenzako. Hawana sanamu, wana kitabu, na kile kitabu wanakiheshimu kama mfalme aliye hai. Jioni kinabebwa kichwani kwenda chumbani kwake, kina kitanda. Mchana nyuma yake anakaa mtu ameshika kitu kama mkia mweupe wa farasi wenye mpini, anakipepea polepole. Nikamwambia fundi wangu, mzee, hapa tumekutana na mwenzetu kazini. Halafu jikoni kwao anakula yeyote, dini yoyote, bure, na anayeosha vyombo anaweza kuwa tajiri mwenye gereji tatu.

Mabudha. Wengi mnapita Upanga hamjui kama lipo. Lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na wana mti wa Bo uliopandwa zamani, una miaka mia na ushee. Pametulia kuliko mahali popote mjini. Niliwahi kumpelekea mtawa mandazi ya moto saa tisa alasiri, kwa kuwa asubuhi alinipa chai. Akayapokea kwa mikono miwili, akayaweka pembeni, akayatazama kwa huzuni ya kweli. Wao baada ya saa sita mchana hawali mpaka kesho yake. Akampa mtunza bustani, nami nikaona jinsi mtunza bustani alivyokuwa akinenepa.

Ithnasheri nimewafanyia kazi mara nyingi kuliko wote, hasa kabla ya Muharram wanapotandaza vitambaa vyeusi na kuongeza spika. Mapangaboi upande wa wanaume, mapangaboi upande wa wanawake. Upande wa wanawake nilipanda mchana pakiwa hapana mtu, nikayawasha, yakazunguka, nikashuka. Wanasujudu juu ya kipande cha udongo mkavu, ukikikuta chini usikipige teke ukidhani ni kigae kilichobanduka. Nimewahi, nikaomba radhi.

Kwa leo naishia hapa, mkono umechoka. Wenye kuongeza waongeze, wenye kunisahihisha karibuni.

#2 KunguruWaPosta

Nimekaa paleee karibu na beseni la kunawia. Uzi wa mwaka huu. Mkuu, na wewe umethibitisha lile neno la wahenga: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Tofauti ni kwamba wewe kiatu umeacha mlangoni.

#3 ChumaChakavu

Mnapambwa na sinia la wali basi mmesahau. Bohora, Khoja, Banyani, wote hawaozeshi binti zao kwetu, wote wanaajiri sisi kubeba mizigo na ndugu zao kushika kaunta. Kwa mbeba mizigo hiyo tofauti ya chumvi na pazia inamsaidia nini? Mhindi ni Mhindi.

#4 FundiPangaboi

@ChumaChakavu sikatai hata neno moja kwenye hilo la kaunta. Kuna sehemu, jina sitaji, nilipewa maji kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini peke yake, na wenzangu walionitangulia wote walikinywea hicho hicho. Nililiona. Lakini ninachosema ni hiki: aliyenipa kikombe cha bati na aliyemaliza wali wangu ni watu wa nyumba mbili tofauti zenye sheria mbili tofauti. Nikiwaita jina moja, wa kwanza anajificha nyuma ya wa pili.

#5 BintiKisutu

Assalaam alaykum. Mimi ni Khoja Ithnasheri, nimezaliwa Dar, mama yangu kazaliwa Dar, bibi yangu kazaliwa Bagamoyo. Nimesoma uzi wote. Umeandika vizuri, nina marekebisho.

La kwanza. Ulivyotupanga inaonekana kama kila mtu alikuja na jahazi lake na dini yake imefungwa kwenye sanduku. Siyo. Sisi na Waismailia tulikuwa jamaa moja, Makhoja, ukoo mmoja, lugha moja ya Kikachi. Tumegombana karne ya 19. Kulikuwa na kesi Bombay mwaka 1866 kuhusu mamlaka ya Aga Khan, Imamu wa Waismailia, juu ya Makhoja na mali yao, na mtikisiko wake ukavuka bahari hadi Zanzibar na mrima huku. Waliobaki na Imamu wao wakabaki jamatkhana, waliotoka wakajenga misikiti ya Ithnasheri. Zipo familia ambazo ndugu mmoja alibaki na mwingine akatoka, na wakaacha kula pamoja. Bibi yangu alikuwa na shangazi aliyekuwa akimuona kwa mbali tu, sokoni.

La pili. Bohora na Ismailia nao wana ugomvi wao, mkongwe zaidi. Ni wa Cairo, mwaka 1094, alipofariki khalifa wa Kifatimi al-Mustansir na wanawe wakagombea nafasi yake. Wafuasi wa Nizar ndio chimbuko la Waismailia wa Aga Khan, wafuasi wa Musta'li ndio chimbuko la Mabohora. Miaka mia tisa na zaidi, ugomvi umetoka Misri ukapita Yemen, Uajemi na Gujarati, umefika Dar, na leo nyumba zao za ibada zinasikilizana adhana na dua kutoka mtaa mmoja hadi wa pili.

La tatu nitalisema baadaye, linakuhusu wewe binafsi.

#6 KunguruWaPosta

"La tatu linakuhusu wewe binafsi." Fundi, kimbia na ngazi yako.

#7 MzeeKitumbini

Vijana, mimi nina miaka 74 na nimelelewa Kitumbini. Naona mnazungumzia uhamiaji kana kwamba ni wa meli za Bombay peke yake. Nendeni Kariakoo, Msikiti wa Manyema. Nani Wamanyema? Watu wa Kongo, mashariki ya kule, waliokuja pwani na misafara na wakabaki. Wageni kama wageni wengine, wakajenga msikiti wao. Wangazija nao walikuja na masharifu wao na elimu yao. Ibadhi aliowataja fundi ni watu wa Oman. Ukiingia kuswali nao utawajua haraka: mikono wameiacha pembeni, hawaifungi kifuani, na ikimalizika Fatiha hutasikia "amin". Nilikuwa mtoto, niliipiga "amin" peke yangu msikiti mzima. Hakuna aliyegeuka, ila sikio langu lilikuwa moto hadi salamu.

Hayo majina ya bibi yake fundi ni kweli tupu. Tuliyapoteza lini? Mimi nasema 1971. Aprili mwaka ule serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Kwa macho yangu niliona ghorofa za Upanga zikibadilisha majina mlangoni. Wengi wa hao jamaa wakaanza kuondoka, Uingereza, Kanada. Nyumba za ibada zilibaki mahali pake, waumini wakapungua. Kijana aliyezaliwa 1975 alikuta wachache, na wachache ni rahisi kuwaita jina moja.

Nyongeza ndogo kwa fundi. Neno lako la kazi. Pankha kwa Kihindi ni feni. Zamani kulikuwa na tandiko kubwa la kitambaa linaning'inia darini na mtoto kakaa kwenye kona anavuta kamba siku nzima. Huyo ndiye alikuwa "boi". Jina lako la kijiwe lilikuja na jahazi hilo hilo.

#8 FundiPangaboi

Mzee, miaka yote hii nadhani ni panga kwa sababu yanakata upepo! Shikamoo sana.

#9 DoktaMtarajiwa

Marahaba kwa niaba ya mzee. Mimi niko Muhimbili kwa mafunzo, wodi za jengo la Sewa Haji. Nimeuliza wenzangu kumi, hakuna anayejua Sewa Haji ni nani, mmoja kasema ni neno la Kihehe. Ni Sewa Haji Paroo, Khoja Ismailia, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, aliyetoa fedha zake kwa hospitali ya watu wa rangi zote enzi za Mjerumani.

Na kama mmewahi kwenda Diamond Jubilee kwenye tamasha au harusi: ile almasi ni ya Aga Khan wa tatu, Sultan Mahomed Shah, aliyepimwa kwa uzito wa almasi hapa hapa Dar tarehe 10 Agosti 1946. Mjukuu wake Karim naye alisimikwa hapa Dar, Oktoba 1957, kabla ya sherehe za nchi nyingine. Tunacheza muziki ndani ya historia ya watu na hatujui.

#10 Ubungo_Maziwa

Swali la mwenye elimu ndogo: kwa jumla ni wangapi hao? Mabudha wangapi, Kalasinga wangapi?

#11 DoktaMtarajiwa

@Ubungo_Maziwa sensa yetu haiulizi dini, ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967. Anayekupa asilimia kaipika jikoni kwake.

#12 Zenji_Hurumzi

Bara mmechangamka, na sisi tuseme. Mji Mkongwe hayo yote tunayo, tena vichochoro vyetu vimebanana zaidi. Mandir iko Hurumzi, jamatkhana, imambara (kumbi za maombolezo) za Ithnasheri, misikiti ya Ibadhi na ya Sunni, kanisa la Mkunazini lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, na Minara Miwili ya Wakatoliki, ambayo Wagoa walikuwa nusu ya roho yake. Mwezi wa Muharram maandamano ya Ithnasheri yanapita vichochoroni usiku na watu wa madhehebu mengine wamekaa barazani wanatazama, wengine wamewapelekea maji.

Mmoja mmemsahau: Waparsi, wale wa dini ya Zarathustra, wenye moto usiozimwa. Walikuwa makarani, mahakimu, mainjinia. Mtalii akishuka bandarini anauliza nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, baba yake karani wa serikali. Sasa muulize huyo mtalii, au hata mtembezaji wake, Freddie aliabudu wapi utotoni. Kimya. Waparsi karibu wote waliondoka baada ya 1964, na dini iliyokuwa mtaani imegeuka picha ya fulana.

#13 SheikhMdogo_Tabata

Uzi mzuri. Fundi, hukuitaja Ahmadiyya, Msikiti wa Salaam pale Mnazi Mmoja. Nao walikuja kutoka India, lakini ni wachache waliokwenda moja kwa moja kwa Waswahili badala ya kubaki wenyewe kwa wenyewe. Tafsiri yao ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitoka 1953, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akakamilisha ya kwake 1969, kwa sehemu akiwajibu wao. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar, kisha waziri wa sheria, alikuwa Ahmadiyya. Uwanja wa Arusha una jina lake. Simtetei mtu, nataja.

#14 AnsarBoy

Hao sio Waislamu, usituchanganyie mada.

#15 SheikhMdogo_Tabata

Nimesema simtetei mtu. Hata mimi nina msimamo wangu. Mada ni nani yuko mjini, siyo nani ataingia peponi.

#16 AnsarBoy

Ukimtaja kwenye orodha ya misikiti umeshampa

#17 MSIMAMIZI

Tumeondoa michango 11. Mjadala wa nani ni nani mbele ya Mungu una jukwaa lake. Hapa endeleeni na mada.

#18 Makupa_Original

Michango 11 kwa dakika kumi, Wabongo mko fiti. Mie ni wa Mombasa. Nilete mbili tu.

Moja, Majaini. Hawa huku twaishi nao Langoni, hekalu lao la marumaru nyeupe lilijengwa 1963, ukipita na tuktuk lazima ugeuze shingo. Hawa hawaui hata sisimizi, na waliomo sana hawali kinachong'olewa ardhini: kiazi, kitunguu, karoti, saumu. Rafiki yangu wa shule alikuwa Jaini. Sisi twala viazi karai pale nje ya geti, yeye kasimama nasi anakula embe la pilipili. Miaka minne! Hata siku moja hakuomba kuonja, na sisi hata siku moja hatukumwuliza kwa nini. Nilikuja kujua mtu mzima.

Pili, kwa fundi. Ukitoka Mombasa kwa barabara kwenda Nairobi, simama Makindu. Gurudwara ile ni ya 1926, ya Makalasinga wa reli. Madereva wa malori wote waijua: unaingia, unafunga kitambaa, unakula chapati na dengu na chai ya maziwa, hulipi. Mimi nimelala pale gari lilipoharibika, na asubuhi wamenipa chai hata jina hawajaniuliza.

#19 ChumaChakavu

@Makupa_Original hapo kwenye chai bila kuulizwa jina nimelainika kidogo. KIDOGO.

#20 MgirikiWaMorogoro

Mimi siyo Mgiriki, babu yangu alikata mkonge kwa Mgiriki, jina likatushika. Fundi kataja kanisa la Wagiriki kisha kalipita. Mimi ni Orthodox wa kubatizwa. Jimbo letu la Dar kwa Kigiriki linaitwa Irinoupoli, maana yake Mji wa Amani. Yaani walichukua jina la Dar es Salaam wakalitafsiri. Wagiriki wenyewe wa mkonge walishaondoka, na majina yamebaki kwenye majengo kama Arnautoglo pale Mnazi Mmoja. Leo waumini wengi wa Orthodox nchi hii ni weusi kama mimi, na liturjia tunaiimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo kuna mgeni aliyekuja, akaondoka, akaacha dini yake kwetu. Hiyo nayo muiweke kwenye hesabu.

Hata Azania Front na St. Joseph, yale majengo ya Mjerumani ya kati ya 1897 na 1902, yalikuwa makanisa ya wageni. Leo nani anayaona ya wageni?

#21 Mogo_Toronto

Habari zenu. Niko Toronto toka 1974, nilitoka Upanga nikiwa na miaka 12. Ismailia. Kiswahili changu ni cha zamani, mnisamehe.

Mzee wa Kitumbini amesema waliondoka. Ni sisi. Naomba niwaambie tumekuwa nini huku. Huku jamatkhana tunakutana Ismailia wa kila mahali, wa Afghanistan, wa Syria, wa Tajikistan, wa Pakistan. Wao wanatuita sisi "Waafrika". Kweli! Kwa sababu baada ya dua, kwenye chakula, sisi ndio tunaleta mishkaki na kuku paka na mogo wa kukaanga na pilipili na ndimu. Mogo ni muhogo, sisi ulimi wetu uliukata mwanzo. Nyumbani tukiongea Kikachi, fagio ni fagio, sufuria ni sufuria, kisu ni kisu, ndizi ni ndizi. Mjukuu wangu alimwambia mwalimu wake kwamba "fagio" ni neno la Kihindi. Mwalimu akatafuta, hakuliona kwenye Kihindi.

Dar nilikuwa Mhindi, hapa mimi Mwafrika. Bado nasubiri mahali nitakapoitwa mtu wa Upanga.

#22 MzeeKitumbini

@Mogo_Toronto hapa umeshaitwa. Ulikaa mtaa gani Upanga? Mimi nilikuwa nacheza mpira na watoto wa ghorofa za karibu na Diamond, kulikuwa na mmoja kipa, miguu mirefu, tulimwita Korongo.

#23 Mogo_Toronto

Korongo alikuwa kaka yangu. Amefariki 2011. Nimesimama kidogo nje kwenye theluji, narudi.

#24 KunguruWaPosta

Sina utani.

#25 BintiKisutu

Poleni sana @Mogo_Toronto. Inna lillahi.

Fundi, nilisema nina la tatu. Uzi wako wote ni wa upande wa wanaume. Siyo kosa lako, ndiko ulikoruhusiwa kukaa. Lakini unaandika "wanasali", "wanakula", "wanajenga" kana kwamba umeona. Kwetu nusu ya mambo iko nyuma ya mlango mwingine wenye ngazi nyingine. Muharram tuna majlisi zetu za wanawake, msomaji mwanamke, anayeongoza maombolezo mwanamke, na asubuhi nyingi zinafanyika majumbani, sebule moja watu sabini na viatu vimejaa hadi ghorofa ya chini. Wapo wanaosoma kwa Kiurdu, wapo wanaosoma kwa Kigujarati, na siku hizi wapo wa Kiswahili, maana tangu Bilal Muslim Mission ianze kazi miaka ya 1960 Ithnasheri siyo Makhoja tena peke yao. Kwenye zulia moja nimekaa na dada wa Tanga, dada wa Kigoma na bibi wa Kikhoja asiyejua Kiswahili cha zaidi ya soko, na msomaji alipofika Karbala, alipouawa Imamu Hussein, wote walilia mahali pamoja. Nje ya lile zulia tunarudi kila mtu kwake, hilo nalo nakiri, @ChumaChakavu.

Wanawake wa Kibohora utawajua kwa rida zao za rangi na lesi, na hilo sinia lako la watu wanane liko juu pia, upande wao, na huko ndiko maneno yote ya mji yanakosemwa. Ukitaka kujua nani anaolewa na nani kahama Mtaa wa Zanaki, chumvi ya kulamba iko kule.

#26 FundiPangaboi

Dada, nimenyamaza na nimesoma mara mbili. Nakubali. Nimeingia upande wenu mara zisizo na idadi na sijawahi kukuta mtu. Kwangu mimi upande wa wanawake ni mapangaboi kumi na nne na zulia la kijani.

#27 BintiKisutu

Kumi na tatu yanayofanya kazi. La tatu kutoka dirishani linalia tangu ulipolitengeneza mwaka jana. Linafanya kwi, linakaa kidogo, kwi. Tukiwasha spika halisikiki, ila msomaji akishusha sauti kwenye maombolezo, sote tunalisikia. Bibi mmoja amelipa jina.

#28 FundiPangaboi

Aisee. Mlinzi hakuniambia.

Nililijaribu mchana, halikulia. Itakuwa beringi ikishapata moto baada ya saa nzima, mimi niliwasha dakika tano nikashuka. Kesho saa nne asubuhi nakuja, nitaliacha lizunguke mpaka lilie. Mnaliitaje?

#29 BintiKisutu

Njoo kwanza.